Mkeka wa Karatasi wa Kufundishia Sehemu

Zana ninayoitegemea kuliko zote ninapofundisha sehemu ni mkeka mdogo wa karatasi, ambao kila mwanafunzi anausuka mwenyewe. Naupenda kwa sababu mtoto akikosea, msuko unamwonyesha kosa kabla sijafika kwenye dawati lake.

Tafuta manila mbili za A4 za rangi tofauti, tuseme nyeupe na nyekundu. Nyeupe ipunguze ibaki sentimita 18 kwa 21. Ikunje katikati upate 18 kwa 10.5, chora mistari kila baada ya sentimita 1.5, kisha kata kuanzia kwenye mkunjo na uache sentimita 1 kabla ya kufika ukingoni. Mikato ni 11 lakini vipande ni 12. Waulize kwa nini, na uwaache wabishane. Nyekundu ikate iwe vipande vya upana wa 1.5 na urefu wa 21. Karatasi moja inatoa vipande 19, na kila mtoto anahitaji 12, hivyo karatasi mbili zinawatosha watoto watatu. Pasipo manila, kalenda za zamani zinafaa. Kwa walio pwani, miyaa iliyotiwa rangi ni bora zaidi, na watoto waliokaa na bibi zao wakisuka ukili wataongoza darasa.

Nimechagua 12 kwa kuwa inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6.

Anzeni kupitisha vipande vyekundu kwenye mikato ya nyeupe kwa juu moja, chini moja. Mkeka ukikamilika una miraba 144, na nyekundu ni 72: nusu. Kisha juu moja, chini mbili, kila mstari ukisogea hatua moja kulia. Mstari mmoja una nyekundu 4 kati ya 12, mkeka mzima una 48 kati ya 144, na vyote ni theluthi. Hapo sehemu zilizo sawa hazihitaji kukaririwa, mtoto anazihesabu kwa kidole. Akiruka hatua, mshazari unakatika na anafumua mwenyewe.

Somo ninalolisubiri kwa hamu ni la juu moja, chini nne. Mstari wa kwanza unatoa nyekundu 3, wa pili 3, wa tatu 2, wa nne 2, wa tano 2. Watoto hulalamika kwamba moja ya tano imepotea. Usiwajibu haraka. Waambie wajumlishe mistari yote mitano: 12 kati ya 60. Moja ya tano imerudi! Wanaona kwamba 12 haigawanyiki kwa 5, na wanaona pia kwamba mpangilio unajisawazisha baada ya mistari mitano. Kwa hili nipo tayari kutumia kipindi kizima.

Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, alichunguza kwa miaka mingi hisabati iliyomo katika ususi, ikiwemo mikoba ya sipatsi ya Inhambane. Kazi yake ndiyo iliyonishawishi kwamba ususi hauna sababu ya kufungiwa kwenye kipindi cha stadi za kazi.

Darasa likishazoea, ingiza kigawe kidogo cha shirika (KDS). Vipande vya kulala viwe vyekundu na vya bluu kwa zamu, msuko uwe juu moja, chini mbili. Ni baada ya mistari mingapi rangi na msuko vitarudi pamoja kama vilivyoanza? Sita, yaani 2 mara 3. Sasa jaribuni juu moja, chini tatu kwa rangi zilezile. Wengi watasema nane. Wape karatasi wasuke.