Kabla Hujaenda TP: Sifuri Niliyoitoa Kwa Makosa

Wenzangu wa Elimu mnaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, naomba mnisome hadi mwisho. Nina jambo la kukiri, halafu nina somo la kuwaachia.

Nikiwa TP mwaka jana nilikabidhiwa Kiswahili Kidato cha Pili, darasa la wanafunzi 64. Wiki ya tatu nikaandika jaribio ubaoni: maswali kumi ya ngeli na upatanisho wa kisarufi, alama 20. Nikiwa nazunguka kati ya madawati, nikamwona kijana mmoja mwenye ualbino ameinamia karatasi ya jirani yake. Nikamwonya. Aliporudia, nikachukua karatasi yake na kuandika sifuri kwa kalamu nyekundu, mbele ya wenzake. Darasa likacheka. Nikasema moyoni, huyu anapiga chabo, leo nimemkomesha.

Baada ya kipindi alinifuata nje ya ofisi ya walimu. "Madamu, samahani. Nilikuwa nasoma maswali, sio majibu. Ubaoni sioni."

Nikamwuliza, si nilikukalisha mbele? "Mbele ni pale dirishani, Madamu. Jua likiingia ubao unang'aa wote. Afadhali upande wa ukutani, kwenye kivuli."

Niliishiwa maneno. Mimi huyo huyo nilipata A kwenye kozi ya elimu jumuishi! Kwenye mtihani nilieleza Tamko la Salamanca la mwaka 1994, nikataja Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, nikamalizia na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Yote niliyajua. Lakini katika maandalio yangu ya somo ya wiki tatu nzima hapakuwa na mstari hata mmoja uliomhusu yule kijana. Nilikuwa nimepanga kufundisha wanafunzi 64 wanaoona, wanaosikia na wanaoandika kwa kasi moja. Darasa la namna hiyo halipo popote.

Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, tafuta kizuizi, usiishie kwenye jina la ulemavu. "Ana ualbino" haikuambii ufanye nini kesho saa mbili. Ualbino ni upungufu wa melanini, na melanini inahitajika hata katika ukuaji wa jicho. Ndiyo maana wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na huumizwa na mwanga mkali. Miwani huwasaidia baadhi, lakini haimalizi tatizo. Sasa tazama: ukijua kwamba kizuizi ni mwanga na umbali, utahamisha dawati upande wa kivuli, utamruhusu avae kofia darasani hata kama kanuni ya sare inakataza, na hutamsimamisha juani kama adhabu. Na njia ya haraka ya kukijua kizuizi ni kumwuliza mwenyewe, pembeni, bila kumwanika. Kuuliza si ujinga. Swali langu moja la wiki ya kwanza lingeokoa aibu ya wiki ya tatu.

Pili, msaada uandikwe kwenye andalio kabla ya kipindi. Ukiuacha kichwani, darasa likichangamka utausahau. Mimi nilichora safu moja ya ziada kwa penseli, pembeni ya vitendo vya mwalimu na vya wanafunzi, nikaiita "nani anaweza kuachwa hapa?" Kwenye maarifa mapya nikaandika: soma kwa sauti kila unachoandika ubaoni. Kwenye uimarishaji: zoezi liwe pia kwenye karatasi, herufi kubwa kwa maka pen nyeusi. Kwenye tathmini: mwongezee muda. Hata Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu. Jaribio la mwalimu wa TP ni nani hata likatae?

Safu hiyo ilinifumbua macho kwa wengine pia. Kulikuwa na binti asiyesikia vizuri, na mimi nilikuwa na tabia ya kuongea huku nikiandika, yaani mgongo kwa darasa. Nikaanza kuandika kwanza, kisha kugeuka na kusema. Kulikuwa na wanaosoma polepole, ambao kusomewa maswali kwa sauti kuliwasaidia kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimepanga kwa ajili ya mtu mmoja, wakanufaika wengi.

Tatu, badilisha njia, lengo liache palepale. Hapa wengi tunateleza kwa huruma. Lengo langu lilikuwa mwanafunzi aweze kutumia upatanisho sahihi katika sentensi. Kumpa mwenye uoni hafifu maswali mepesi, au alama za bure, ni kumwambia kwa adabu kwamba hatumtegemei. Yeye ajibu maswali yale yale, ila kwenye karatasi anayoweza kuisoma. Anayechoka kuandika anaweza kujibu kwa mdomo, maana unapima upatanisho, hupimi mwandiko.

Nne, jua mpaka wako. Chaki na manila havitoshi kila mahali. Mwanafunzi kiziwi anayetumia Lugha ya Alama anahitaji mkalimani au mwalimu anayeijua lugha hiyo. Asiyeona anahitaji vitabu vya nukta nundu. Hayo hayatoki kwenye boom letu. Kazi yako ni kuandika mahitaji hayo na kuyafikisha kwa mwalimu wa taaluma na mkuu wa shule, mapema, si siku ya mwisho ya TP. Ukikaa kimya, mwanafunzi ataonekana mzembe, kama wangu alivyoonekana mwizi.

Siku iliyofuata nilisimama mbele ya darasa lilelile lililocheka, nikasema nilikosea, hakuwa anaibia. Haikuwa rahisi, nilikuwa mwalimu wa wiki tatu tu na nililinda heshima yangu kama yai. Ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka. Nilimwandalia jaribio jingine la uzito uleule, kwa maandishi makubwa, akalifanyia ukutani kwenye kivuli. Alipata 11 kati ya 20. Sio muujiza. Viambishi vya ngeli ya U-ZI vilimshinda, kama vilivyowashinda nusu ya darasa, na wiki ile nikavifundisha upya kwa wote.

Kwa hiyo, kabla hujapeleka andalio lako la kwanza kwa msimamizi, chukua penseli na uchore ile safu moja. Ukishindwa kuijaza, bado hujalijua darasa lako. Nenda kaulize.