Mvumo, Mkoma na Wageni Wao: Ujue Mti Kabla ya Kushika Panga



Mtu akipewa shamba katika skimu, kazi yake ya kwanza ni kufyeka. Hapo ndipo hukutana na miti asiyoijua. Wakulima wengi walioingia skimu ya Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, Lamu, katika miaka ya 1970 walitoka bara, na miti mingi ya pwani ilikuwa migeni machoni pao. Hata leo mkulima mpya wa Lamu, Kilifi, Kwale au Tana River huona katika shamba lake mmea wenye majani mapana kama upepeo wa kupepea moto, akajiuliza: Huu ni mti gani? Niung'oe, niuache, au niuhamishie karibu na nyumba?

Somo la mwezi huu ni la kujibu maswali hayo. Litakufundisha kuitambua miti ya namna hii na kuipanda katika bustani ya nyumbani. Lakini shika neno moja tangu mwanzo: usikate wala usihamishe mti wa majani ya upepeo kabla ya kuujua. Ukikata mahindi utapanda mengine msimu ujao. Ukikata mvumo mzima, mwingine utakaoupanda leo huenda wakauvuna wajukuu wako.

KWANZA TAZAMA JANI

Miti ya jamii ya mnazi ina majani ya namna mbili. Namna ya kwanza ni jani kama unyoya wa kuku: uti mrefu katikati, na vijani vyembamba huku na huku. Mnazi, mtende na mkindu ni wa namna hii. Namna ya pili ni jani kama kiganja cha mkono kilichofunguliwa: vijani vyote vyatoka mahali pamoja na kuenea duara. Hiyo ndiyo miti ya somo letu.

Katika mashamba yetu ya pwani iko miwili iliyo wenyeji, nayo ni mvumo na mkoma. Iko na mingine iliyoletwa kutoka nchi za mbali kwa ajili ya kupamba bustani.

MVUMO

Wengine huuita mtapa. Jina lake la kitaalamu ni Borassus aethiopum. Shina lake ni moja, halina panda, nalo huweza kupita mita 20. Alama kubwa ya mti mzima ni uvimbe: shina hunenepa juu ya nusu yake, kisha hupungua tena. Majani ni makubwa sana, yenye rangi ya kijani kama imechanganyika na majivu. Kikonyo cha jani, yaani ule mpini unaolishika, kina meno meusi yasiyolingana pembeni mwake. Tunda lake ni la mviringo, kubwa kuliko ngumi mbili, nalo likiiva huwa na rangi ya manjano au ya machungwa na harufu kali. Ndani yake mara nyingi mna kokwa tatu.

MKOMA

Huu pia huitwa mkoche. Utautambua upesi kwa shina lake: hugawanyika panda mbili, na kila panda hugawanyika tena, kama manati juu ya manati. Jina la kitaalamu la huu wenye panda ni Hyphaene compressa. Uko pia mkoma mfupi unaoota kama kichaka katika mchanga wa pwani, wenye mashina kadhaa ya pamoja, na mara nyingi hauna panda. Kikonyo cha mkoma kina miiba meusi iliyopinda kama ndoana, nayo yaelekea juu, upande wa jani. Tunda lake, koma, ni la rangi ya hudhurungi, linang'aa, na ndani lina kokwa moja ngumu. Watoto hutafuna ganda lake kwa utamu wake.

WAGENI WA BUSTANI

Wageni wanaoonekana zaidi ni watatu. Washingtonia asili yake ni Mexico na California. Majani yake yana nyuzi nyeupe zinazoning'inia, na yakikauka hayaanguki upesi bali huvika shina kama sketi. Livistona ya China ina majani ya kijani yanayong'aa, na ncha zake zimepasuka na kuning'inia kama maji yanayotiririka. Bismarckia hutoka Bukini. Majani yake ni ya rangi ya fedha, nayo huonekana sana katika bustani za mahoteli ya pwani.

MICHE MICHANGA YAPOTEZA WENGI

Mpaka hapa tumesema juu ya miti mikubwa. Taabu huja mti ukiwa mdogo, kwa maana miche yote ya jamii hii hufanana. Jani la kwanza ni jembamba na refu kama jani la nyasi pana. Hakuna upepeo, hakuna panda, wala hakuna uvimbe wa shina.

Katika hali hiyo, tafuta kokwa. Kwaruza udongo polepole kwa vidole kando ya mche, usitumie jembe. Ukikuta kokwa kubwa karibu sawa na ngumi, iliyobapa kidogo na yenye nyuzi, huo ni mvumo. Ukikuta kokwa ya kiasi cha yai la kuku, ngumu kama jiwe, huo ni mkoma. Mbegu ya Washingtonia ni ndogo kama njegere, au chini ya hapo. Ya Livistona ni ndefu kidogo, kama kokwa ya zeituni. Ukisha kuona, rudisha udongo mahali pake, kisha piga kigingi kando ya mche ili asije mtu akaulima kwa bahati mbaya.

SABABU YA MICHE KUFA IKIHAMISHWA

Wakulima wengi wamechimba mche wa mvumo wenye majani mawili, wakaupanda mbele ya nyumba, wakaumwagilia kila siku, nao ukafa. Kosa si la maji. Ni desturi ya mti wenyewe.

Kokwa ya mvumo inapoota haitoi chipukizi juu. Kwanza hutoa kitu kama mkia mnene unaoshuka chini ya ardhi, nusu mita au hata zaidi. Kule chini ndiko mche wenyewe unakoanza, ukateremsha mizizi na kupandisha jani la kwanza polepole hadi juu. Kwa hiyo jani ulionalo ni dogo, lakini shina lake la uhai liko mbali chini. Ukilichimba kwa jembe umelikata katikati. Mkoma na Bismarckia nazo huota kwa njia hiyo hiyo. Faida ya desturi hii ni kwamba jua kali na moto wa nyasi haviufikii moyo wa mche.

Basi kanuni ni hii: mvumo, mkoma na Bismarckia hupandwa kwa mbegu, pale pale zitakapokaa. Washingtonia na Livistona zaweza kuoteshwa kitaluni na kuhamishwa.

NAMNA YA KUPANDA MVUMO NA MKOMA

1. Okota matunda yaliyoiva na kuanguka yenyewe. Usikate mabichi juu ya mti.

2. Ondoa nyama ya tunda, kisha loweka kokwa katika maji kwa siku tano hadi saba. Badilisha maji kila siku.

3. Chagua mahali penye jua, mita 8 au zaidi kutoka nyumba, njia ya watu na nyaya za umeme. Tunda la mvumo huweza kufikia uzito wa kilo moja, na likianguka kutoka juu laweza kuua mtu.

4. Chimba shimo la kina cha mita moja, ulegeze udongo, kisha uurudishe. Kazi hii ni ya kuurahisishia ule mkia njia ya kushuka. Usitie samadi mbichi.

5. Laza kokwa juu ya udongo huo na uifunike kwa udongo wa vidole vitatu. Weka nyasi kavu juu yake.

6. Mwagilia mara mbili kwa juma wakati wa kiangazi, kwa miaka miwili ya kwanza.

7. Zungushia miiba au fito ili mbuzi wasile jani la kwanza.

8. Subiri. Huenda miezi mingi ikapita usione kitu juu ya ardhi, na kazi yote inafanyika chini. Usifukue ili kutazama.

Miti hii hupenda joto. Katika skimu za nyanda za juu, kama zile za Nyandarua zilizoanzishwa katika miaka ya 1960, mvumo na mkoma havifai. Penye baridi ya kiasi, kama Nairobi, Washingtonia hustawi.

NAMNA YA KUOTESHA WAGENI WADOGO

Menya mbegu na kuziloweka kwa siku mbili au tatu. Zipande katika mchanga uliochanganywa na udongo wa msituni, ndani ya mifuko mirefu, kina cha nusu kidole. Weka kivuli chepesi. Washingtonia huota baada ya wiki kadhaa. Livistona hukawia zaidi. Miche ikiwa na majani matatu au manne, ihamishe mvua za masika zinapoanza, pamoja na udongo wake wote.

DUME NA JIKE

Hapa kuna kosa lingine linaloleta hasara. Mvumo na mkoma ina miti dume na miti jike. Dume hutoa maua yenye matawi manene kama mikia, wala halizai kamwe. Jike ndilo lizaalo. Mkulima asiyejua husema, "Mti huu hauna faida," akaukata. Baada ya hapo majike yake hayazai vizuri, kwa maana unga wa maua umetoweka, naye hajui sababu.

Kabla ya maua huwezi kutambua dume na jike. Kwa hiyo panda kokwa sita au zaidi, ili upate wa kila namna. Na kama una dume lililokua, liache lisimame. Majike ya jirani yako pia hulitegemea.

KUVUNA BILA KUUA

Majani machanga ya mkoma, yaani miyaa, hutengeneza majamvi, vikapu na kamba, na akina mama wengi hupata fedha za karo kwa kazi hiyo. Lakini kila shina lina moyo mmoja tu kileleni, ambao watu wa pwani huuita shaha. Majani yote hutoka hapo. Moyo ukikatwa, shina hilo limekufa. Mkoma wenye panda nyingi utabaki na panda nyingine. Mvumo haubaki na kitu. Kugema tembo kwa kukata moyo huleta hasara hiyo hiyo.

Ukikata jani moja lisilofunguka, acha mawili yanayofuata yafunguke kwanza. Usipande na panga kubwa linaloweza kuujeruhi moyo. Tumia kisu kidogo chenye makali.

Jihadhari pia na chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa vilele vya minazi. Huushambulia na mvumo. Mabuu yake hukua katika magogo yaliyooza na katika marundo ya samadi. Choma magogo ya minazi iliyokufa, na lundo la samadi uliweke mbali na miti, ukiligeuza mara kwa mara na kuwapa kuku mabuu.

JIPIME MWENYEWE

Msomee jirani yako maswali haya, kisha mjibu pamoja:

1. Shina moja lenye uvimbe juu ya nusu yake ni la mti gani?

2. Kwa nini mche wa mvumo hufa ukihamishwa?

3. Mti usiozaa una kazi gani shambani?

4. Shina la mvumo lina mioyo mingapi?

Majibu: Ni mvumo. Ni kwa kuwa uhai wake uko chini sana, na jembe huukata. Huenda ni dume, nalo ndilo huwezesha majike kuzaa. Ni mmoja tu.

Ukiwa bado na shaka juu ya mti wako, chukua jani moja lililokauka pamoja na kikonyo chake chote, na tunda au kokwa kama ipo, umpelekee Bwana Shamba wa kata yako. Jani bila kikonyo halimsaidii, kwa sababu alama nyingi ziko kwenye meno na miiba. Mpaka upate jibu, zungushia mti huo kigingi na uzi, na uwaambie vibarua wasiuguse. Kazi hiyo ni ya nusu saa, nayo yaweza kuokoa mti uliokuwako kabla ya skimu yenyewe.