Programu Isiyofungashwa Hufa na Mwenyewe

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina nia ya kuwapinga, lakini katika mambo ya kompyuta hata kizuri hakijiuzi kisipofungashwa. Katika makala haya ningependa kukueleza namna ya kufungasha na kusambaza programu zilizoandikwa kwa Python, lugha aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka wa 1991.

Kwa nini nimeshika kalamu? Mimi na wenzangu tumeandika programu ya kuazimisha vitabu vya maktaba yetu. Hapa kwetu inafanya kazi barabara. Shule jirani imeomba nakala, nami mwaka huu namaliza Kidato cha Nne. Je, nikiondoka na siri zake kichwani, ni nani atakayeiendesha?

Kwanza tuelewe tatizo lenyewe. Programu ya lugha kama C hutafsiriwa mapema kuwa lugha ya mashine, kisha ndipo hugawiwa watu. Ya Python ni kama mgeni anayetembea na mkalimani: mkalimani asipokuwepo, hakuna mazungumzo. Tena mkalimani huyo ana matoleo. Programu nyingi za Python 2, toleo lililoacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, hazisomeki na Python 3. Isitoshe, programu yetu hutegemea programu saidizi za watu wengine. Ukinakili faili zako pekee, umepeleka sufuria ukasahau mafiga.

Sasa tuingie kazini.

1. Panga nyumba yako. Weka faili zote za programu katika folda moja yenye jina, kwa mfano azima_vitabu. Lakini angalia! Orodha ya wanafunzi na vitabu walivyoazima isiwe humo. Hiyo ni siri ya shule yako, si mali ya kugawa.

2. Andika kitambulisho. Hata pakiti ya unga dukani ina jina, uzito na tarehe, si ndivyo? Kitambulisho cha programu huandikwa katika faili iitwayo pyproject.toml, kando ya folda ile:

[project]
name = "azima-vitabu"
version = "1.0.0"
requires-python = ">=3.10"
dependencies = ["openpyxl"]

Mstari wa requires-python wataja mkalimani anayehitajika. Wa mwisho wataja programu saidizi, hapa ile ya kusoma majedwali ya Excel. Ukiongeza sehemu ya [project.scripts], utataja neno ambalo mtumiaji ataliandika ili programu ianze.

3. Funga mzigo. Ukishaweka chombo kiitwacho build, andika: python -m build. Utapata folda ya dist yenye faili mbili. Moja huishia na .tar.gz, nayo ni msimbo asilia. Ya pili huishia na .whl, nayo ndiyo iliyo tayari kuwekwa. Usiiogope hiyo ya pili; ni zip tu, waweza kuifungua ukaona kilichomo.

4. Sambaza. Ghala kuu la Python huitwa PyPI, nalo lilianza mwaka wa 2003. Ukipakia mzigo wako huko, mtu yeyote ataandika pip install na jina lake, basi! Ila toleo likishapakiwa halibadilishwi; ukirekebisha jambo, toa namba mpya.

Utaniuliza, na shule isiyo na intaneti je? Hapo ndipo wengi hukata tamaa bure. Penye intaneti, andika pip download -d mzigo openpyxl. Tia faili yako ya .whl katika folda hiyo ya mzigo, ibebe kwa flashi, na ukifika andika:

pip install --no-index --find-links mzigo azima-vitabu

Kompyuta itachukua kila kitu kutoka kwenye flashi. Na kama huko hakuna Python kabisa, kuna chombo kiitwacho PyInstaller ambacho humfunga mkalimani pamoja na programu. Faili huwa nzito, na iliyofungwa kwenye Windows huendeshwa kwenye Windows tu.

5. Weka leseni na maelezo. Bila leseni, mwenzako hana ruhusa ya kuibadilisha kazi yako. Bila maelezo, hata akiwa na ruhusa hatajua aanzie wapi.

Mwisho, usiseme mzigo umefika kabla hujaujaribu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona programu yako. Inayokubali kwako haithibitishi lolote.

Wenzangu wa Kidato cha Pili na cha Tatu, kazi ni kwenu. Programu ya maktaba ni yenu sasa. Toleo la 1.1.0 nalitarajia kutoka mikononi mwenu. Mgala muueni na haki yake mpeni: mkibadilisha msimbo, majina ya waliotangulia yaacheni.