Dondoo muhimu: Mchanga wa Wahiba, Oman

Misafara mingi ya magari huingia jangwa hili kupitia mji wa Bidiyah, na kazi ya kwanza hapo ni matairi. Toa upepo hadi PSI 15 au 18; tairi hutandaa na kupita juu ya mchanga badala ya kuchimba. Kwa upepo huo epuka kona kali, tairi lisije likachomoka kwenye ringi.

Panda kilima moja kwa moja, kwa mwendo usiokatika. Nguvu zikiisha, rudi rivasi kwenye alama zako zilezile. Kugeuza gari ubavuni mwa kilima ndiko kunakolipindua. Asipande wa pili kabla aliyetangulia hajasema kwa redio kwamba amevuka.

Ukikwama, acha kukanyaga mafuta, fukua kwa sepetu, ndipo uvutwe. Kamba ifungwe kwenye ndoano iliyoshikana na chesisi, kamwe si kwenye boli ya kukokotea trela: boli ikikatika huruka kama risasi, na imeshaua watu.

Maji yawe mengi. Usiende peke yako. Tafadhali, usikanyage miche ya mighafu. Mifugo ya Wabedui huitegemea miti hiyo kwa kivuli na malisho. Jaza upepo kabla ya kurudi lami.