Kifua Kikuu Kilichopona na Kikohozi Kirudicho

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu mnaozuru wagonjwa nyumbani, twataka tujifunze neno moja linaloumiza watu wengi. Mtu alitibiwa kifua kikuu, akameza dawa miezi 6 yote, akapimwa, akaambiwa, "Umepona." Baada ya mwaka akaanza kukohoa tena, ana homa na makohozi mengi. Majirani wakanong'ona, "Huyu hakupona," wakamtengea kikombe chake. Je, wamenena kweli?

Tutazame kwanza ugonjwa wenyewe. Tangu tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alipotangaza mjini Berlin ya kuwa amekiona kijidudu kiletacho kifua kikuu, twajua ya kuwa ugonjwa huu si laana wala urithi wa ukoo. Dawa huua vijidudu hivyo, lakini haziirudishi nyama ya pafu iliyokwisha kuliwa. Kwa wengine hubaki makovu, pengine na mashimo, na njia za pumzi hupanuka na kulegea.

Wakulima wa mlimani waijua habari ya mfereji. Kingo zikibomoka, maji hayaendi tena, husimama, yakaoza. Ndivyo yalivyo makohozi katika pafu lenye makovu: hayatoki upesi, na vijidudu vya namna nyingine, viletavyo kichomi, hupata makao humo. Basi huo ni ugonjwa mwingine, wenye dawa nyingine.

Lakini tusihukumu kwa haraka, maana kifua kikuu nacho chaweza kurudi, au mtu kuambukizwa upya. Kwa macho hatuwezi kuyapambanua hayo. Kwa hiyo tushike mambo 3.

Kwanza, akohoaye tena asingoje. Aende hospitali apimwe makohozi, na aseme wazi ya kuwa alitibiwa zamani, maana vipimo vingine huonyesha hata mabaki ya vijidudu vilivyokufa. Akipumua kwa shida, aende siku ile ile.

Pili, asinunue dawa kwa kubahatisha. Ziko dawa za kichomi zitulizazo kifua kikuu siku chache tu, zikakificha.

Tatu, aache tumbaku, na ajiepushe na moshi wa jikoni.

Na kile kikombe? Kifua kikuu huenea kwa hewa, si kwa kikombe. Basi kirudisheni mezani, kisha mmoja wenu amsindikize ndugu huyo hospitali.