Frullania: Mmea Mdogo wa Magome ya Miti Uwezao Kudhuru Ngozi

Mpasua kuni afikapo zahanati akiwa na vipele vinavyowasha mikononi na usoni, mara nyingi hudhaniwa kuwa ana fangasi au upele. Swali moja laweza kubadili uchunguzi: magogo aliyoyashika yalifunikwa na nini?

Katika msitu wa milimani ulio kati ya Karatu na ukingo wa kreta ya Ngorongoro, wenye mwinuko wa takribani mita 2,300, ukungu hulowesha magome ya miti na kuyavika mimea midogo isiyo na maua. Kundi mojawapo la mimea hiyo huitwa hepatika. Katika kundi hilo, jenasi ya Frullania ina spishi zenye kemikali, mojawapo ikiwa frulanolidi, ziletazo mzio wa ngozi kwa baadhi ya watu. Mzio huo umethibitishwa kwa wakata miti wa Ufaransa na Kanada.

Ili kuitambua, vaa glavu na utumie kioo cha kukuza mara 10:

1. Makazi na rangi: hutambaa juu ya magome na matawi, huwa na rangi ya kahawia, nyekundu iliyoiva au karibu nyeusi.

2. Majani: hupangika safu mbili ubavuni, yakilaliana kama vigae, bila mshipa wa kati. Likeni hazina shina wala majani ya kweli.

3. Upande wa chini: kuna safu ya tatu ya vijani vidogo, aghalabu vyenye ncha iliyopasuka, na chini ya kila jani la ubavuni kuna kifuko mithili ya kikofia. Hiyo ndiyo alama kuu. Lejeunea, inayofanana nayo, kwa kawaida ni ya kijani, na kifuko chake ni ukingo wa jani uliokunjwa.

Kioo hutambulisha jenasi tu. Spishi huhitaji hadubini. Hifadhi sampuli kavu katika bahasha ya karatasi, ukiandika mahali, aina ya mti na tarehe. Ndani ya hifadhi, usichume bila kibali.

Kwa mhudumu: mzio huu hujitokeza saa au siku kadhaa baada ya mguso. Uliza pia kuhusu pareto na alizeti, kwa kuwa jamii hiyo ya mimea ina kemikali za aina moja na hizo. Kipimo cha kubandika ngozini ni kazi ya bingwa wa ngozi.

Kwa mgonjwa: ugonjwa huu hauambukizi. Nawa kwa sabuni baada ya kushika kuni, vaa mikono mirefu, na mweleze mhudumu kazi unayoifanya.