Kwa nini molekuli ya maji imepinda?

Haya, wanakemia, leo tafuteni maputo manne. Yapulizeni, kisha yafungeni pamoja kwenye vifundo. Mmeona? Yanasukumana mpaka kila moja linakaa mbali na mengine kadiri linavyoweza. Elektroni nazo ni hivyo hivyo. Zote zina chaji hasi, kwa hiyo jozi zake husukumana.

Sasa tuangalie maji. Oksijeni imezungukwa na jozi nne. Mbili zimeshika haidrojeni, mbili ziko huru. Jozi nne zilizo sawa zingeachana kwa nyuzi 109.5. Lakini jozi huru husukuma kwa nguvu zaidi, basi pembe kati ya haidrojeni mbili inabanwa hadi nyuzi 104.5. Molekuli inapinda!

"Sasa mimi inanihusu nini?" Inakuhusu sana. Kwa kuwa imepinda, molekuli ya maji ina upande hasi kidogo, wa oksijeni, na upande chanya kidogo, wa haidrojeni. Pande hizo huvuta ayoni za chumvi na kuzitenganisha. Bila hivyo, chumvi za kwenye pakiti ya ORS zisingeyeyuka, na mdogo wako anayeharisha asingerudishiwa chumvi anazopoteza.

Jipime: amonia ina jozi tatu zilizoshika haidrojeni na moja huru. Je, pembe yake ni kubwa au ndogo kuliko ya maji?

Jibu: Ni kubwa, kama nyuzi 107. Jozi huru inayobana ni moja tu.